Mzigo Niliomtwika Monika

Sitaapa. Watu huapa kwa mambo mengi na bado ni waongo. Nitakuomba tu usinikatize mpaka nimalize, kisha ujiulize mwenyewe: mwalimu mstaafu kama mimi, mwenye wajukuu na heshima yake kidogo pale mtaani, atapata faida gani kutunga jambo linalomfedhehesha hivi? Yaliyonikuta katika mlima wa Sekenke yalinikuta mchana, jua likiwaka. Sikuwa na homa. Sikuwa na njaa. Niliona kama ninavyokuona wewe.

Ilikuwa miaka ile baada ya Azimio la Ujamaa, vijana walipokuwa wakitembea kwa miguu kila pembe ya nchi kuliunga mkono. Sisi wa Tabora tulikuwa kikundi kidogo: wanachuo wa ualimu, makarani wachache, na vijana wa vijijini waliojiunga njiani. Tulipangiwa kupita Ndala, Ziba na Choma, kuvuka mbuga ya Wembere, kisha kupanda Sekenke mpaka upande wa Iramba. Kiongozi wetu wa siasa alikuwa Masanja, kijana wa Nzega mwenye sauti kubwa, ambaye hakuweza kusema hata "nipe maji" bila kutanguliza "ndugu". Kiongozi wetu wa njia alikuwa Bwana Feruzi.

Huyu Bwana Feruzi alikuwa fundi cherehani mjini, mnene, mwenye kofia safi na maneno mengi. Alichaguliwa kwa sababu babu yake alikuwa kirongozi, yaani yule mtu aliyekuwa akitangulia mbele ya msafara zama za pembe za ndovu na wapagazi. Sasa babu kuijua njia na mjukuu kuijua njia ni mambo mawili. Kabla hatujafika Ziba alikwisha kutupoteza mara mbili, tukaokolewa na wachunga ng'ombe. Masanja akamwambia, "Fundi, ukitupoteza porini, itabidi utushonee sanda." Bwana Feruzi akajibu bila kugeuka, "Sanda nitawashonea, Masanja. Ila yako itakula kitambaa, maana mdomo nao lazima ufunikwe." Tulicheka mpaka mizigo ikatikisika.

Njia hakuijua vizuri. Masharti ya njia aliyajua, na hayo hakuyafanyia mzaha. Mtu asimtangulie kirongozi. Na kila mmoja awe na mwenzi wake wa mzigo: yeye akutwike asubuhi, yeye akutue jioni. Mtu mwingine asikuguse mzigo wako hata kama unalia. "Aliyekutwika ndiye akutuaye," alisema. "Na ukimkuta mtu njiani anaomba kutuliwa, na si wewe uliyemtwika, msalimie, mpe maji, mpite. Ukimtua, mzigo ni wako." Masanja alisimama palepale akasema hizo ni mila za enzi za kunyonywa, kwamba katika Ujamaa mzigo wa mmoja ni mzigo wa wote. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wengine. Niliyaamini maneno yale, na hata leo sidhani yalikuwa mabaya.

Mwenzi wangu wa mzigo alikuwa Monika. Alikuwa binti wa Kimoravian, wazazi wake wakulima wa Bukene, mwembamba, mcheshi, mwenye shingo ndefu ambayo wavulana waliisifia mpaka wakachosha. Chuoni tulilala chumba kimoja. Alikuwa na tabia ya kukuomba radhi hata ukimkanyaga wewe. Nakueleza haya ili ujue ni mtu wa namna gani.

Wembere ilitutesa. Mvua ilikuwa imenyesha, na udongo wake mweusi ulitushika miguuni kama ugali mbichi. Tulipofika chini ya mlima, kila mtu alikuwa mweusi mpaka magotini. Tukapumzika, tukala, tukaanza kupanda adhuhuri ilipopita. Jua lilikuwa nyuma yetu na vivuli vyetu vilitutangulia kwenye mawe. Mimi na Monika tulikuwa wa mwisho. Katikati ya mlima akaniambia nisogee mbele kidogo, anaingia kichakani kujisaidia. Nikasogea, nikazunguka jiwe kubwa, nikamkuta mtu.

Alikuwa amesimama, amejiegemeza kwenye jiwe, mzigo kichwani. Alikuwa kijana wa umri wetu, kajifunga kaniki kiunoni, fimbo mkononi. Mzigo wenyewe ulikuwa umeviringishwa kwenye mkeka na kukazwa kwa kamba za magome ya mti. Mkono mmoja aliuinua kuushika. Jasho lilimtiririka, macho yakitazama chini, maana shingo ilikuwa imelemewa na haikuweza kuinuka. Nikadhani ni mtu wa kijiji cha jirani anayehamisha vitu vyake. Watu wengi walikuwa wakihama miaka ile.

"Mwangaluka," akaniambia.

Hiyo ni salamu ya Kinyamwezi ya asubuhi. Nilicheka moyoni: mwenzetu huyu jua limempiga. Nikaitikia.

"Nitue, dada. Aliyenitwika kanitangulia."

Unafikiri sikuyakumbuka maneno ya Bwana Feruzi? Niliyakumbuka yote. Nikakumbuka na makofi niliyopiga. Nikajiona mimi, mwalimu mtarajiwa, nampita mtu aliyelemewa kwa sababu ya masharti ya fundi cherehani. Nikaona aibu. Nikautua mzigo wangu mwenyewe chini, nikamsogelea, nikanyoosha mikono.

Mikononi haukuwa mzito. Ulikuwa kama nguo zilizoanikwa zikakauka. Niliuweka chini, naye akainua kichwa polepole, shingo ikilia kama mlango wa zamani, akatazama mbingu. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema ahsante, akaanza kushuka mlima, na mimi nikabaki nikimwangalia mgongo. Hapo ndipo nilipoyaona mambo mawili. Miguu yake ilikuwa mikavu na safi, haina tone la udongo wa Wembere wala vumbi la mlima. Na kivuli chake kilimtangulia kuteremka, kuelekea lilikokuwa jua. Kivuli changu kilielekea juu, chake kilielekea chini. Kwake yeye ilikuwa bado asubuhi.

Sikupiga kelele. Nilichukua mzigo wangu, nikajitwika peke yangu, nikauacha ule wa mkeka pale chini, nikaondoka. Nilikwenda hatua chache tu. Kitu kilinikalia kichwani. Nakwambia kilinikalia, kama mtu mzima anavyokalia kigoda. Shingo ikazama, macho yakateremka mpaka sikuona ila vidole vya miguu yangu. Nikautupa mzigo wangu wa mablanketi, uzito ukabaki. Nikarudi nikikaribia kutambaa, nikiuburuta wangu, na nilipougusa ule mkeka kwa mkono, uzito ukapungua kidogo, kama mbwa anayetulia mwenyewe akirudi.

Basi Monika akatokea kwenye jiwe, akiifunga kanga yake. Akaniona nimeinama juu ya mizigo miwili.

"Huu wa nani?"

"Wa kikundi," nikasema. "Mtu kauacha."

"Masikini, na wewe unataka kuibeba yote? Nitwike mimi huu. Mimi sina kitu, nina sufuria tu."

Aliiweka ngata yake ya kitambaa kichwani, akapiga goti mbele yangu kama tulivyofanya kila asubuhi. Aliniamini. Sitakudanganya kwamba sikujua nilichokuwa nikifanya. Nilijua. Niliuinua ule mzigo nikamwekea, na mikono yangu ilipouachia tu, shingo yangu ikanyooka, nikaiona mbingu ya buluu, nikaona mwewe anazunguka juu kabisa. Nilifurahi. Hilo ndilo ninaloshindwa kulisema mbele ya watu: kwamba kwa kitambo kidogo nilifurahi.

Monika aliinuka, akayumba. "Kumbe mzito," akasema, na akaniomba radhi kwa kuchelewesha safari.

Tulifika kambini jua likizama. Wenzetu walikuwa wamekwisha kuwasha moto. Monika alifika ameinamisha kichwa, mkono mmoja juu, na vijana wakaanza kumtania: Monika umebeba nini, Monika unampungia nani? Sikuelewa. Mimi nilikuwa nikiuona mzigo, mkeka na kamba zake, wazi kama ninavyouona mkono huu. Kumbe tuliuona sisi wawili tu; wao walikuwa wakimwona msichana aliyeshika hewa.

"Nitueni basi," Monika akasema. "Mnacheka nini?"

Masanja akamwendea, akapitisha mikono juu ya kichwa chake, akatucheka sote. Hakukuwa na kitu cha kushika. Monika akaanza kulia. Bwana Feruzi, aliyekuwa akichochea moto, akaacha kuni zikamwangukia miguuni. Akamtazama Monika, kisha akatutazama mmoja mmoja.

"Nani kamtwika?"

Monika, macho yakiwa chini, alikuwa hawezi kuona nimesimama wapi. Akasema, "Mwenzangu." Na watu wote wakadhani homa inamsemesha, kwa sababu mimi nilinyamaza.

Wakampa klorokwini. Asubuhi likapatikana lori la misheni likampeleka hospitali, na daktari hakukuta kitu, si kwenye shingo wala kwenye damu. Kabla lori halijaondoka Bwana Feruzi alinivuta kando. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliniambia babu yake alisema wapagazi wengine walifia njiani mizigo ikiwa kichwani, na waliowatwika wakaendelea na safari kwa sababu msafara haungoji. "Uliyemtwika utamtua wewe tu, maana sisi hatuuoni," akasema. "Lakini ukimtua, mzigo unarudi kwako. Na wa kukutua wewe keshaondoka. Sikulazimishi, mwanangu. Kamwambie tu yule binti ukweli, asimlaumu Mungu."

Nilimwambia Monika, mwaka mzima baadaye, nyumbani kwao Bukene. Alikuwa ameacha chuo. Mwalimu gani atafundisha akitazama sakafu? Nilieleza yote, hata ile furaha. Alichora mchangani kwa kidole cha mguu. Kisha akaniuliza, "Sasa umekuja kunitua?"

Nikamwambia nimechumbiwa, harusi ni mwezi ujao, anisubiri kidogo.

Akasubiri. Mwaka uliofuata nilikuwa na mimba. Kisha nilikuwa na mtoto wa kunyonya. Kisha wawili, watatu, na uhamisho wa kikazi, na mume mgonjwa. Kila sababu ilikuwa ya kweli, na hilo ndilo baya: sikuwahi kukosa sababu ya kweli. Naye akaishi. Aliolewa na mkulima mpole, akazaa, akalima akiwa ameinama, kazi ambayo alisema kwa mzaha kwamba inamfaa. Watoto wake walizoea mama anayekwenda mkono mmoja juu. Maji walimchotea wengine. Nywele zake, katikati ya utosi, hazikuota tena. Pana duara la ngata, laini kama kisahani.

Nilipomtembelea aliniuliza swali lile lile, kila mara, bila hasira, kama mtu anayeuliza habari za safari. Nami nilijibu nimekuja kukusalimia. Basi anacheka, anawaambia watoto wamchinjie kuku shangazi yao. Nilimla kuku huyo. Mzigo niliuona wakati wote, juu yake, kamba zimeanza kukatika nyuzi nyuzi.

Mara ya mwisho nilikwenda tumekwisha kuwa vikongwe. Nimestaafu, mume nimemzika, watoto wanajitegemea. Sababu zote zimekwisha. Nilikwenda nimekata shauri. Nilisimama mbele yake, nikanyoosha mikono, akapiga goti kwa shida, mifupa inalia, akasubiri. Nilikuwa nimebakiza shubiri moja. Nikakumbuka jinsi macho yalivyozama pale mlimani, nikaona tu vidole vya miguu yangu. Nikamgusa bega, nikamwambia, "Inuka, mwenzangu, utaumia magoti." Safari hii hakucheka. Aliinuka mwenyewe, akaingia ndani, na binti yake akanisindikiza stesheni bila kuniuliza kitu.

Sasa siendi tena. Nikisafiri kwa treni ya Mwanza, ikikaribia Bukene nahamia upande wa pili wa behewa.

Kwa hiyo nakuonya wewe unayenisikiliza, hasa kama una moyo mwema, maana wenye roho mbaya hawana hatari hii. Ukimkuta mtu njiani, mzigo kichwani, hajui aliyemtwika yuko wapi, msalimie, mpe maji, mpite. Ukishindwa, ukamtua, basi kaa nao. Utakuelemea, utakuzika pengine, lakini utalala usingizi. Usimpe mwenzio. Naye akikupigia goti akisema nitwike, mkimbie.