Jina la Mnunuzi

Kiti cha ofisi kina magurudumu, na mtu asikwambie hilo ni jambo dogo. Siku yangu ya kwanza nilikikalia kwa nguvu, kama ninavyokalia kila kitu, kikanirudisha nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta. Mhasibu alikuwa anaandika. Aliinua macho, akayarudisha kwenye kompyuta, hakucheka. Afadhali angecheka.

Mimi ni mtu mzima. Ndevu zangu zina hina, watoto wangu wana watoto. Shule niliiacha darasa la tatu, ukame ulipokuja na baba akahitaji mtu wa kwenda na ngamia. Silalamiki. Nyumba yangu ya mawe hapa Garissa na lori langu nimevipata kwa miguu hii, nikishuka na ng'ombe kutoka Eldas wakati vijana wa leo hawajazaliwa. Sasa mtu huyo huyo anaambiwa yeye ni mwanagenzi wa uhasibu. Neno hilo lilinikaa kooni wiki nzima.

Ilikuwa hivi. Chama chetu cha wauza mifugo kilinichagua kuwa mweka hazina. Walinyoosha mikono, mimi sikumpa mtu hata chai. Lakini katiba ya chama, ambayo vijana waliiandika upya, inasema mweka hazina lazima kwanza akae ofisi ya hesabu ajifunze, na mhasibu asimame mbele ya wanachama kwenye mkutano mkuu aseme: huyu anavielewa vitabu. Asiposema, kiti kinakwenda kwa aliyekuwa wa pili. Wa pili ni kijana mwenye digrii, amerudi kutoka Nairobi na viatu vyeupe, hajawahi kusukuma ng'ombe aliyelala barabarani. Siku ya kura alisema, "Mzee wetu anasoma alama za moto kwenye paja la ng'ombe vizuri sana. Tatizo ni kwamba benki hawana paja." Watu walicheka mpaka wengine wakafuta machozi. Kicheko hicho ndicho kilichonikalisha kwenye magurudumu.

Mhasibu mwenyewe ni msichana kutoka upande wa Meru, ana umri wa mwanangu wa mwisho.

"Binti yangu," nilimwambia, "nionyeshe haraka haraka, nina shughuli sokoni."

"Mzee, hesabu hazina haraka haraka. Halafu hapa kazini mimi ni mhasibu. Siku nikija kwako kula mbuzi, hapo nitakuwa binti."

"Nani amekualika?"

"Utanialika tu."

Basi tukaanza. Nisidanganye mtu: sikuelewa. Aliniambia kila jambo linaandikwa mara mbili, kushoto na kulia. Nikamuuliza, "Nimeuza ng'ombe mmoja, kwa nini aandikwe mara mbili? Amezaa pacha?" Akavuta pumzi, akaanza upya. Alikuwa na subira ya mtu anayemnywesha ndama aliyekataa titi. Mimi ndiye sikuwa nayo. Nilitoka kunywa maji. Nilitoka kupokea simu ambayo haikulia. Adhana ya adhuhuri ilinikuta tayari nimetawadha na nimesimama mlangoni, jambo ambalo, Mungu anisamehe, halikuwa uchamungu mtupu. Panka lilizunguka juu likitusukumia hewa ile ile ya moto, na Jumatano, siku ya soko, upepo uliniletea mlio wa ng'ombe mpaka dirishani. Mguu wangu ulicheza chini ya meza peke yake. Mwili wangu wote ulikuwa kule kwenye ua wa soko, vumbini.

Nadhani aliniona, kwa sababu siku moja alinipa kazi ya Jumatano. "Nenda uani ukaandike risiti," alisema. "Kila ng'ombe anayeuzwa kupitia chama, risiti yake. Tarehe, rangi na alama, bei, muuzaji, mnunuzi. Hiyo utaiweza."

Nikaiweza. Wiki kadhaa niliandika risiti kwa mwandiko wangu mkubwa, nikamrudishia kitabu kila jioni nikiwa na vumbi na furaha. Niliona kwamba uhasibu si kitu cha kutisha watu hivyo.

Sasa lazima nieleze soko letu, maana msomaji wa mbali hatajua. Kwetu ng'ombe hauzwi na watu wawili. Kuna wa tatu katikati, dalali. Muuzaji na mnunuzi hawajuani, huyu ametoka Eldas, yule Mwingi au Nairobi. Dalali anawajua wote wawili. Anashika mkono wa huyu chini ya shuka, anambonyeza vidole, bei inasemwa kwa vidole bila mwingine kusikia, halafu anashika mkono wa yule. Mkiachana, jina linalobaki sokoni ni la dalali. Ng'ombe akija kuonekana ni wa wizi, wazee hawamwiti mnunuzi. Wanamwita dalali, anakuja, anajibu. Yeye ndiye aliyesimama dhamana.

Kwa hiyo palipoandikwa mnunuzi, niliandika jina la dalali. Sikufikiri hata kidogo. Kwangu ilikuwa kama kuulizwa mtoto ni wa nani ukamtaja baba yake.

Mhasibu aliligundua alipokuwa anatayarisha vitabu kwa ajili ya mkaguzi wa hesabu. Aliniita, akageuza kompyuta upande wangu.

"Mzee, hawa watu wachache wamenunua ng'ombe wote wa Garissa?"

"Hao hawajanunua hata mmoja. Hao ni madalali."

"Sasa kwa nini umewaandika?"

"Kwa sababu ndio wanaojibu."

Alifunika uso kwa viganja. Halafu akanieleza taratibu. Kwa vitabu hivi madalali wetu ni matajiri wa kutisha, na watu wa kodi wakiviona watawauliza ng'ombe wote hao wako wapi na faida yake iko wapi. Mkaguzi naye atasema chama kinaficha wanunuzi. "Mkutano ni Jumamosi ya wiki ijayo," alisema. "Risiti zikiwa hivi sitasimama kukusemea. Sikutishi, mzee. Nikisema unavielewa vitabu nitakuwa nimesema uongo, na jina langu ndilo litakalokuwa chini."

Hapo nilimheshimu, ingawa nilitamani kuipindua meza.

Ni yeye aliyeuliza swali lililotuokoa nusu njia. "Ng'ombe akipakiwa lori kwenda nje ya kaunti, daktari wa mifugo anaandika kibali kwa jina la nani?" La mwenye ng'ombe, nikamjibu, yaani aliyemnunua. Nikaenda ofisi ya mifugo, nikakaa kwenye benchi nikitikisa mguu mpaka karani akaomba nisimame nje, na mwisho nikapata majina. Tuliketi mimi na mhasibu tukifuta risiti moja baada ya nyingine kwa mstari mmoja mwekundu na kuandika mpya. Zikabaki za ng'ombe waliokwenda Ifo, kambi ya wakimbizi. Hao hawakutoka nje ya kaunti, na hakuna aliyewaandikia kibali. Wote waliuzwa na dalali mmoja kwa mnunuzi mmoja.

Dalali huyo ni shemeji yangu, mume wa dada yangu. Tumekula sahani moja tangu ujana. Kura zangu nusu yazo zilikuja kwa sababu yeye aliinua mkono kwanza. Nilimkuta uani akitafuna mswaki, akanipokea kwa sauti ili kila mtu asikie.

"Jamani, karani amekuja! Ficheni ng'ombe!"

"Shemeji, nataka jina la mtu wako wa Ifo."

"Andika langu. Mimi nimesimama."

"Hilo lako ndilo limetuingiza matatani. Nataka la aliyenunua."

Akatema mate, akanivuta pembeni, na utani ukaisha. "Warya, ndugu yangu, sikiliza. Wewe una lori. Mimi nina nini? Nina wateja. Madalali wangapi wamelala hapa wakiota kumjua mtu wangu wa Ifo? Ukimwandika, jina liko ofisini. Likiwa ofisini, kesho liko sokoni. Jumatano ijayo anachukua simu anampigia mwingine, na dada yako anakula nini?"

Alisema kweli.

"Basi andika jina lolote," akasema. "Andika la bibi yetu aliyekufa. Nani anamjua?"

"Mkaguzi atamtafuta."

"Atamkuta amepumzika."

Nilicheka, Mungu anisamehe tena. Lakini nilipomwambia nitakwenda Ifo mwenyewe kumtafuta, hakucheka. Aliniangalia kama mtu aliyeingia zizini kwake bila salamu. "Ukienda," alisema, "usinifuate tena kwa jambo la kura."

Usiku ule sikutulia mahali. Mke wangu alinihamishia mkeka nje. Ningeweza kuandika jina la uongo, kiti kikawa changu na shemeji akabaki wangu. Lakini nilikuwa nimeshaona mstari mwekundu, na mtu akishaona hawezi kujifanya hajaona. Hicho ndicho walichonifundisha ofisini, na sikuwashukuru.

Asubuhi nikapanda gari la Dadaab, maana Ifo iko huko. Ifo haikunipa shida. Nilijua ng'ombe walikuwa wa kuchinjwa, nikaenda moja kwa moja sokoni, kwenye meza za nyama. Wanaouza nyama kule ni wanawake. Nilitaja rangi za ng'ombe na alama zao za moto, wakanionyesha mama mmoja mnene, kisu mkononi, nzi wamemzunguka kama wapambe.

"Wewe ndiye mzee wa karatasi?" aliniuliza kabla sijamaliza salamu. "Shemeji yako amenipigia simu. Amesema nikuambie simjui mtu."

"Basi niambie."

"Simjui mtu." Akakata ubavu. "Umesikia? Sasa kunywa chai."

Nilikunywa chai nikiwa nimesimama. Nilimweleza yote, kiti, mhasibu, mkutano, kijana wa viatu vyeupe. Sikujua kwa nini namweleza mwanamke nisiyemjua. Nikamwambia kwamba kama anaogopa jina lake kuingia kitabu cha serikali kwa sababu yeye ni mkimbizi, namwelewa, na nitarudi Garissa hivi hivi.

Alifuta kisu kwenye kitambaa, polepole.

"Adeer, mzee wangu, jina langu limeandikwa tangu nilipofika hapa. Unga, jina. Mafuta, jina. Blanketi, jina, na kidole juu yake. Sijaona karatasi hata moja inayosema huyu mama amenunua kitu kwa pesa yake." Akaninyooshea kadi yake ya kambi. "Andika. Ng'ombe wote. Na nakala yangu unipe."

Niliandika palepale juu ya meza ya nyama, damu ikagusa pembe ya risiti. Alitaka nimsomee kwa sauti. Nikasoma. Wenzake walisimamisha visu wakasikiliza. Alichukua nakala zake akazikunja, akaziingiza ndani ya nguo kifuani.

"Na shemeji yako mwambie," alisema nilipogeuka, "simwachi. Anajua kuchagua ng'ombe kuliko wewe."

Jumamosi mkutano ulifanyika chini ya hema nyuma ya ofisi. Mhasibu alisimama na karatasi yake. Hakunisifu. Alisema naweza kusoma vitabu na kuviandika, mizani ya mwisho wa mwezi, ile ya kulinganisha kushoto na kulia, bado inanishinda na atanifundisha, na risiti zote za chama sasa zina mnunuzi wa kweli. Kijana wa viatu vyeupe aliuliza kama "bado inamshinda" ni sifa ya mweka hazina. Swali zuri, sina kinyongo. Mwenyekiti akaita mikono ya kunithibitisha.

Ilinyooshwa, lakini si kama mara ya kwanza. Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameishika fimbo yake kwa mikono yote miwili, na madalali waliokaa nyuma yake walifanya vivyo hivyo. Kiti nilikipata. Kilinitosha kwa shida, kama shati lililotoka kwa fundi limebana. Nilimfuata shemeji nje kumwambia maneno ya yule mama wa Ifo, nikaona mgongo wake tu ukikata kona kuelekea daraja.

Dada yangu alinipigia simu siku chache baadaye.

"Ni kweli mmegombana kwa sababu ya mwanamke wa Ifo?"

"Nani amekwambia?"

"Mji mzima. Mume wangu haongei, anakula akiangalia ukuta. Niambie ukweli, nani kati yenu anataka kumwoa?"

"Hakuna wa kuoa! Nilikwenda kumwandikia risiti."

Nilisikia sufuria ikiwekwa chini. Halafu: "Risiti?"

"Risiti."

"Wallahi, ingekuwa ndoa ningejua la kufanya. Ningekuja na wazee tukaongea. Sasa risiti nizungumze na nani?"

Nilimwambia nitakuja nyumbani kwao Ijumaa baada ya swala, mimi mwenyewe, niongee na mumewe. Aliniuliza nikija nitasema nini. Nikamwambia sijui. Leo ni Alhamisi jioni, ofisi imefungwa, mhasibu ameniachia ile mizani ya mwezi niiangalie nyumbani, na kila nikiketi nayo nainuka, natembea mpaka geti, narudi.