Ruhusa Niliyoikana

Karatasi ya masharti niliiandika kwa mkono wangu, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni ambao wanafunzi waliusoma miaka yote niliyofundisha. La kwanza lilihusu kodi, la pili usafi wa choo, la tatu kelele za redio siku ya Sabato. La nne lilisema mbwa, mbuzi na kuku hawaruhusiwi. Niliibandika ukutani karibu na lango la ploti yangu ya vyumba vya kupanga hapa Ekerenyo, nikajiona nimemaliza kazi. Nilikuwa nimestaafu juzijuzi tu, na mwalimu aliyestaafu hana wa kumwamrisha isipokuwa wapangaji.

Mzee alikuja msimu wa mvua akiwa na kitanda, jiko, sanduku la bati na mbwa. Kwetu Gusii mwanamume wa umri wake hapangi chumba. Huwa na boma lake, hata kama ni nyumba moja na migomba michache nyuma yake. La kwake wanawe walikuwa wameliuza kipande kwa kipande baada ya mama yao kufa, na kipande cha mwisho kilikuwa kile alichokuwa akilala. Alinieleza haya akiwa amesimama, macho chini, kama vile yeye ndiye aliyekosea.

Nikamwonyesha karatasi. Aliisoma yote, sharti kwa sharti, kisha akaniambia taratibu kwa Ekegusii kwamba mbwa huyo ndiye kitu pekee cha boma lake ambacho hakikuuzwa. Ploti tatu zilikuwa zimeshamfukuza kwa sababu yake. Jibu la kukataa lilikuwa tayari mdomoni, hata sijui lilienda wapi. Nilimwambia aingie naye chumba cha sita, mchana amfunge kule nyuma kwenye migomba, na mtu akiuliza, aniachie mimi.

Nilijiona mwema siku hiyo, tena mwema kupita kiasi. Usingizi wangu ulikuwa mtamu.

Mbwa mwenyewe alikuwa wa rangi ya jani kavu la mgomba, na sikio moja lilikuwa limeng'oka nusu. Hakubweka ovyo. Nikazoea kumtupia ukoko wa ugali jioni, naye akazoea kunitazama mikono kabla ya uso. Wapangaji walinung'unika, hasa muuguzi wa chumba cha pili, ambaye nilikuwa nimemkatalia kufuga kuku wawili tu. Kila alipouliza nilimwambia nitazungumza na mzee. Sikuzungumza naye hata mara moja. Nilijitia hamnazo, na kwa kuwa mimi ndiye mwenye ploti, ikawa hivyo.

Kisha maafisa wa mifugo wakaja sokoni kuchanja mbwa. Mzee alimwosha mbwa wake kwa sabuni ya kipande, akavaa koti, akapita kuniaga kama mtu anayempeleka mtoto shule siku ya kwanza. Nilikuwa nimewaona wale maafisa asubuhi hiyo wakiwa na daftari. Waliandika jina la mwenye mbwa na boma anakotoka. Nikamuuliza yeye atasema boma gani. Akasema, bila kufikiri, ataeleza ni hapa kwangu.

Hapo ndipo hofu iliponiingia. Wakiandika mbwa watakuwa wameandika na ploti, na mtu akija kuuliza siku moja, ushahidi kwamba nilimruhusu uko kwenye daftari la serikali. Nikamwambia asubiri, watarudi tena. Hakubisha. Alivua koti, akamrudisha mbwa kwenye migomba akiwa bado ana povu la sabuni shingoni.

Maafisa hawakurudi kabla ya mambo kuharibika.

Mama anayetuuzia mboga, chinsaga na managu, alikuwa na desturi ya kupitia langoni. Alhamisi moja alasiri mvua ilikuwa imejaza tope pale mbele, akazunguka kwa nyuma na kapu lake kichwani, akamkanyagia mbwa chakula. Mbwa akamuuma muundi wa mguu. Mzee ndiye aliyefika kwanza. Alimkalisha karibu na bomba, akauosha mguu ule kwa sabuni na maji mengi, kwa muda mrefu, huku akimwomba msamaha. Kisha tukampakia kwenye boda boda hadi hospitali, akaanza kudungwa sindano za kichaa cha mbwa, kwa sababu hakuna aliyekuwa na kadi ya kuonyesha kwamba mbwa alichanjwa.

Jumapili naibu wa chifu alikuja pamoja na mume wa yule mama. Wapangaji wote waliitwa uani, na kwa kuwa wawili kati yao si Wakisii, mazungumzo yakawa ya Kiswahili.

"Hii mbwa ni ya nani?" naibu wa chifu aliuliza.

Mzee aliinua mkono.

"Na ni nani aliruhusu ikae hapa?"

Kabla mtu hajajibu, alinigeukia na kunieleza kwa heshima kwamba mwenye nyumba akijua mpangaji ana mbwa, akamruhusu, basi mbwa akiuma mtu jambo hilo ni lake pia. Likifika kortini tutaitwa wote wawili. Hakunitisha. Alikuwa anaeleza tu. Lakini mimi nilijiona nimesimama kortini na kitambaa changu cha kanisani kichwani, mimi shemasi, nikiulizwa kwa nini nilizuia chanjo. Na yule muuguzi alikuwa akinitazama, mikono kifuani.

"Masharti yako pale ukutani, kila mtu amesoma," nikasema. "Huyu mzee nimemwambia mara mbili aondoe mbwa, akakataa."

Maneno yalitoka yamenyooka, bila kigugumizi. Miaka yote niliwachapa watoto kwa uongo mdogo kuliko huo.

Watu wote wakamtazama mzee. Ilibaki afungue mdomo tu, maana mtu yeyote mwenye macho pale uani alishawahi kuniona nikimlisha yule mbwa. Alinitazama, si kwa muda mrefu, wala si kwa hasira. Afadhali ingekuwa hasira.

"Mwalimu hana makosa," akasema. "Aliniambia, mimi nikakataa. Nilikuwa naificha."

Mtu mmoja akaguna. Muuguzi alisema kwa sauti kwamba mtu mzima kama huyo hana haya.

Siku iliyofuata afisa wa mifugo alikuja. Aliuliza kama kuna anayeweza kumfungia mbwa ndani kwa siku kumi, waone kama ataugua, kwa sababu mbwa mzima hakuna haja ya kumuua. Chumba cha mzee hakikufaa, dirisha lilikuwa bovu. Stoo yangu ya mahindi ilikuwa tupu na ina komeo. Mzee hakunitazama safari hii, na mimi stoo sikuitaja. Basi mbwa akachomwa sindano ya kumuua kule kwenye migomba. Mzee mwenyewe ndiye aliyeshika kamba, kwa sababu mbwa hakukubali kushikwa na mtu mwingine.

Alihama wiki hiyo hiyo kwenda kwa ndugu yake Marani. Alifagia chumba, akafuta dirisha, akampa muuguzi ufunguo aniletee. Nilikuwa jikoni nimejifungia, nasonga ugali uliokuwa umeshaiva.

Ilinichukua miezi mingi kupiga moyo konde. Jumapili moja nikabeba sukari na mkate, nikaenda Marani kumtafuta. Nilimkuta ameketi nje ya jiko la ndugu yake, anachambua maharagwe kwenye ungo. Kitanda chake nilikiona humo ndani, kando ya kuni. Alisimama, akanipangusia kigoda kwa mkono wa shati, akamwita shemeji yake, mke wa huyo ndugu.

"Huyu ndiye mwalimu nilikuwa nakuambia," akasema. "Ploti zote zilinikataa na mbwa yangu. Ni yeye peke yake alisema niingie."

Yule mama akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru, akaingia ndani kutengeneza chai. Tulipobaki wawili, nilimwambia mzee yote niliyokuwa nimeyapanga njiani: kwamba nilidanganya, kwamba nilimwonea, kwamba chumba chake kiko wazi na arudi hata kesho. Aliendelea kuchambua maharagwe, akitupa mabovu kando.

"Siwezi kurudi, mwalimu. Pale kwako mimi ni mwongo."

Nikamwambia nitawaeleza watu wote ukweli. Nitawaita uani, na mama wa mboga nitamwita pia.

Hapo akaacha maharagwe. Nilimwona akinisadiki, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

"Basi uwaambie," akasema. "Ukishawaambia, nitumie habari. Nitakuja."

Huu ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Mama wa mboga amepona, anapita kila Jumatatu na Alhamisi. Mara mbili nimemwita nikidhani nitasema, nikaishia kununua mboga ambazo sikuzihitaji. Wapangaji tunakutana bombani kila asubuhi, tunaamkiana vizuri. Chumba cha sita nimekataa kukipangisha. Wiki iliyopita muuguzi aliniuliza namwekea nani, nami nikamwambia paa linavuja.