Flamingo Wenye Upele

Mwenzangu mmoja alipoondoka baada ya mtihani, darasa letu la uchoraji pale Nakuru lilinyamaza, kwa kuwa hakubaki mtu wa kuzicheka picha zake mwenyewe. Rangi ilimkaukia kwenye kucha, naye aliibandua kwa meno kila alipofikiri. Kisha alirudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja na kujihukumu. Kwa picha ya mama yake, aliyoichora kwa akriliki, alisema, "Mama nimemkausha kama dagaa wa omena." Kwa ile ya rangi ya maji, yenye flamingo waliojaa vidoa vyeupe, alisema, "Na hawa wana upele, jamani. Wapelekwe zahanati."

Mwaka wa 1974 alikuja mtahini kumchagua mmoja wetu wa kuendelea na masomo Nairobi. Alisimama mbele ya flamingo wale mpaka tukachoka miguu. "Weupe huu unang'aa kama ufuo wa ziwa wenyewe," akasema. "Umetumia mbinu gani, binti?" Tulimsihi kwa macho atunge uongo wowote. Yeye akang'ata ukucha. "Mbinu sina, mwalimu. Nilisahau chupa ya maji nyumbani, nikachovya brashi ziwani. Picha ilipokauka, magadi ya maji yale yakatokea. Nimeyafuta wiki nzima, yamekataa." Mtahini alicheka sana, akafuta alama aliyokuwa ameandika, akaandika nyingine ndogo. Nairobi nilipelekwa mimi. Mwenzangu siku hizi anachora mabango ya maduka na vinyozi huko mtaani Kaptembwo, palepale Nakuru.