Mellen Kebaso na Dhahabu ya Shamba la Rodah

Mellen Kebaso alichuma chai ya mwajiri kwa mara ya mwisho Ijumaa, Mei 19, 2023. Shamba kubwa alilolifanyia kazi, upande wa Kericho, lilikuwa limeleta mashine za kuchuma, na wachumaji wa kikundi chake wakaambiwa warudishe vikapu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na moja, mjane, mzaliwa wa Nyamira, na nyumba aliyoishi ilikuwa ya mwajiri.

Hakurudi Nyamira. Alikodi nyumba karibu na Kaplong, na kanisani akasikia kwamba kuna wanawake wanaoosha dhahabu bondeni, kando ya mto, katika shamba la mkulima mzee wa chai, Rodah Chepkemboi. Alianza kwa kuwabebea maji. Baadaye akafundishwa kazi yenyewe: jiwe hupondwa kwa nyundo mpaka liwe unga, unga huoshwa ndani ya karai, na karai huinamishwa polepole mpaka mchanga uondoke na chembe za njano zibaki chini.

"Kwa majani chai nyapara alikuwa nyuma yangu siku yote," anasema. "Hapa ukikosea, karai ndiyo inakuambia. Na haipigi kelele."

Mwaka uliofuata kikundi kilimchagua mwenyekiti.

Januari 2025 kampuni yenye leseni ya kutafuta dhahabu ilifika bondeni na seng'enge na polisi. Makarai yalipakiwa kwenye lori. Wanawake waliitwa wavamizi, katika shamba ambalo mwenyewe ndiye aliyewakaribisha. Rodah aliombwa aikubali kampuni ichimbe kwake. Alijibu kwamba anafikiria, akaendelea kufikiria.

Kikundi kiliomba kibali cha wachimbaji wadogo, na kampuni ikapinga. Kama kibali kingekataliwa, Mellen angekuwa amepoteza kazi mara ya pili katika muda wa miaka miwili. Kamati ya kaunti inayotoa vibali iliamua kuwasikiliza wote hapo hapo bondeni, Jumanne, Machi 11.

Kampuni ilileta hema, viti na soda. Wanawake walikunywa soda, wakakaa kwenye nyasi.

Msemaji wa kampuni alikuwa Kipkurui, kijana wa Kericho, mwenye viatu visivyofaa matope. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mashimo yakiachwa wazi, alisema, ng'ombe na watoto hutumbukia, na lazima awepo mtu wa kuulizwa.

"Mwenyekiti wao ametoka mbali," alisema. "Leo yuko hapa, kesho amerudi kwao Keroka. Mtamtafuta wapi?"

"Keroka si mbali, tajiri," sauti ya mwanamke ilisema kutoka kwenye nyasi. "Hata wewe na hivyo viatu unafika."

Watu walicheka, lakini mwenyekiti wa kamati, Bi Chepchumba, hakucheka. Alimgeukia Mellen, ambaye pale wengi humwita Mama Vinny, kwa jina la mwanawe.

"Mama Vinny, una shamba hapa?"

"Sina, madam. Nimekodi. Nyumba na robo ekari ya nyasi."

"Una ndugu yeyote hapa?"

"Hapana."

Kicheko kilikwisha. Kipkurui alikaa, akafunga faili yake. Hapo ndipo Rodah alipoinuka, akishikilia bega la jirani yake.

"Nyinyi mnasema huyu ni mtu wa kupita," alisema. "Kwani mimi nimezeeka mpaka naweka ng'ombe yangu kwa mtu wa kupita?"

"Ng'ombe gani, kogo?" Bi Chepchumba aliuliza, akimwita nyanya kwa Kikipsigis.

"Ile nyekundu. Iko kwake kwa kimanagan. Imezaa huko mara mbili. Nani hapa hajui?"

Wazee kadhaa waliitikia kwa vichwa. Bi Chepchumba alimtazama msemaji wa kampuni.

"Bwana Kipkurui, kimanagan unaijua?"

"Naijua, madam."

"Basi waelezee wanakamati wenzangu wasioijua."

Kipkurui alisimama tena. Alieleza, kwa sauti ya chini na bila kupotosha, kwamba mtu humpa mwenzake ng'ombe amtunze. Mtunzaji hunywa maziwa, ndama hubaki wa mwenye ng'ombe. Wawili hao huhesabiana kama watu wa nyumba moja.

"Na ng'ombe hiyo unaweza kumpa mtu usiyejua kesho atakuwa wapi?" Bi Chepchumba aliuliza.

Kipkurui alitikisa kichwa.

"Hapana, madam. Haipewi mtu kama huyo."

"Asante, kijana," Rodah alisema. "Mama yako alikulea vizuri. Hiyo kampuni ndiyo sijui."

Kisha akaiambia kamati kwamba amemaliza kufikiria: shamba lake atawaachia wanawake walichimbe.

Kamati ilijitenga kando ya majani chai, ikarudi kabla soda hazijaisha. Kikundi kilipewa kibali, kwa masharti kwamba kitafukia kila shimo kabla ya kufungua jingine. Kampuni iliamriwa kurudisha makarai na kubaki ng'ambo ya mto, ambako wenye mashamba wameikubali. Vigelegele vilifika barabarani, na mwendesha boda aliyekuwa akipita alisimama kuuliza nani anaolewa. Aliambiwa ni Mama Vinny, na kwamba bwana harusi ni mto.

Jumatatu Mellen na Kipkurui watatembea pamoja kusimika nguzo za mpaka mpya kati ya kikundi na kampuni. Kazi ya kuosha itaanza Jumanne asubuhi.