Mlango wa Dereva

Gundi ya kuunganishia plastiki ina harufu ambayo ukishaijua hutaisahau. Ni kali na tamu kwa pamoja, inapanda puani kama tunda lililoiva kupita kiasi na kufungiwa ndani ya sanduku. Harufu hiyo iliingia nyumbani kwetu Palma, kaskazini mwa Msumbiji, nikiwa na miaka kumi na mmoja, miaka michache baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha, na aliyeileta ni mpangaji. Jina lake lilikuwa Sinyori Anselmo, mpima ardhi wa serikali kutoka Kelimane, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Baba alikuwa akifanya biashara Mtwara, akija kwetu mara mbili kwa mwaka, na mama akampangisha Sinyori kile chumba cha uani. Asubuhi alikwenda kupima viwanja na vijana wake wawili. Alasiri aliweka meza nje ya mlango wake, mahali ambapo mama alimwona vizuri kutoka jikoni, akafungua boksi la karatasi ngumu lenye picha ya kifaru cha vita, akaanza kukata vipande vidogo vya plastiki kwa wembe. Mimi nilikuwa nikipeta mchele. Siku ya tatu niliuacha ungo, nikaenda kusimama karibu na meza.

Hakunifukuza. Kiswahili chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini alipenda kuulizwa, na mimi nilikuwa na maswali mengi kuliko vipande vyake. Niliuliza kwa nini mtu mzima anachezea vifaru. Akasema hachezi, anapima. Akanionyesha ramani yake ya kazini, jinsi ghuba yote ya Tungue ilivyoingia kwenye karatasi moja, kisha akaweka kifaru chake juu ya ramani. Alisema mambo haya mawili ni kazi moja: unakipunguza kitu bila kukidanganya. Kifaru kile kilipunguzwa mara thelathini na tano, na kwa kipimo hicho mtu mzima alikuwa na urefu wa kidole changu cha kati. Jioni ile niliuangalia mkono wangu kwa namna mpya.

Dada yake aliishi Lizibona, huko Ureno, na ndiye aliyemtumia maboksi. Lililofuata alinipa mimi, nadhani ili nimwachie nafasi ya kufanya kazi yake. Lilikuwa boksi baya, ingawa wakati ule sikujua. Plastiki ilimwagika pembeni mwa kila kipande kama uji uliofurika sufuria, magurudumu yalikuwa bapa kama vifungo vya shati, na nusu mbili za mzinga hazikukutana hata nilipozibana kwa kibanio cha nguo. Minyororo ya kuzungushia magurudumu ilikuwa ya mpira mgumu uliokataa gundi. Nilifanya kazi wiki nzima nikapata kitu kilichofanana na kobe aliyekanyagwa. Nililia kwa hasira. Sinyori alikigeuza, akakitazama kwa heshima, akasema kosa si langu. "Aliyetengeneza hiki hakuwahi kukiona kifaru," alisema. "Alikisikia tu."

Maneno hayo yalinifanya nifikirie picha ya mjomba. Mjomba Momade alikuwa kaka pekee wa mama. Aliingizwa jeshini akiwa kijana, akawa dereva wa gari la deraya lililokuwa likitangulia misafara ya barabarani kati ya Mosimbwa na Palma, kwa sababu wakati wa vita gari peke yake halikuweza kupita. Siku moja msafara ulishambuliwa na yeye hakurudi. Hakuna aliyeleta mwili, wala barua. Palikuwa na picha yake moja ndani ya kabati la mama, amesimama ameegemea gurudumu kubwa, anacheka. Kwa miaka yote hiyo hakusomewa hitima. Bibi alipouliza kwa nini, mama alisema mtu hasomewi hitima kwa habari za kusikia. Nyumbani jina lake lilitajwa kwa nadra sana, na mimi nilijifunza kutouliza. Lakini kutouliza hakukunizuia kutaka kujua.

Siku mama alipokwenda kuvuna mihogo niliichukua ile picha nikampelekea Sinyori. Alivua miwani, akaisogeza picha karibu na jicho, akahesabu nati za gurudumu, akapima kwa rula urefu wa mjomba na urefu wa ukuta wa chuma nyuma yake. Alichukua siku mbili. Mwishowe akasema ni gari la Kirusi, la magurudumu sita, nyuma halina paa, na kwamba kuna kiwanda kinachotengeneza mfano wake mzuri sana. Aliandika barua kwa dada yake. Tulingoja boksi hilo tangu mikorosho inatoa maua mpaka korosho zinaanikwa.

Lilipofika nilielewa kwa mara ya kwanza ubora ni nini. Vipande vilikuwa na kingo kali, safi, na kila nati ya chuma ilionekana kama kichwa cha pini. Nilipoviweka pamoja vikavu, kabla ya gundi, vilishikana vyenyewe. Karatasi ya maelekezo ilikuwa na michoro mikubwa inayofuatana bila kuruka hatua. Na ndani, mahali ambapo boksi langu la kwanza lilikuwa na utupu, palikuwa na kila kitu: mabenchi ya askari, usukani mwembamba kama unywele, pedali tatu, kiti cha dereva. Milango haikuchongwa juu ya ukuta kama picha. Ilikuwa vipande vya peke yake, na bawaba zake. Nilifanya kazi polepole kwa mwezi mzima, Sinyori akinishikia kioo cha kukuzia. Mama aliona tu kwamba nimetulia, akashukuru.

Aliliona siku nilipomaliza kulipaka rangi. Alikuwa anatoka kuosha samaki, beseni kiunoni. Alisimama. Nilikuwa nimeliweka gari juani likauke, la kijani, urefu wa shibiri moja.

"Nani kakwambia utengeneze hiki?" aliuliza.

"Nimekiona kwenye picha ya mjomba."

Aliweka beseni chini, akaingia ndani, akawaacha samaki wale kwa paka. Sinyori alimfuata mpaka mlangoni akaomba radhi, akasema ikiwa dona mwenye nyumba anataka ahame atahama. Tulilifunga gari ndani ya boksi lake. Siku tatu zilipita, mama akipika, akifagia, akituitikia, lakini hakuitazama ile meza. Nilijua nimevunja kitu ambacho hakina gundi, na sikujua nianzie wapi kuomba msamaha.

Siku ya nne, baada ya sala ya adhuhuri, alikuja akiwa bado na kanga ya kusalia, akaketi kwenye kiti cha Sinyori. Akaomba aletewe lile gari. Sinyori akaliweka mbele yake.

"Dereva anakaa wapi?"

Nikamwonyesha kiti.

"Na anatokea wapi?"

Nikaingiza ukucha wangu kwenye ukingo, nikaufungua mlango wa ubavuni. Ulifunguka wote, mpaka ukalala kwenye bodi. Mama akaufunga kwa kidole chake, akaufungua, akaufunga tena, mara nyingi, mpaka nikahofia bawaba itakatika, ila sikuthubutu kusema. Kisha akatuambia, bila kumtazama yeyote, kwamba watu waliokuja kumpa pole walimwambia gari lile ni sanduku la chuma lisilo na mlango mbele, na kwamba Momade aliungulia humo. Miaka yote alikuwa akilala na habari hiyo. "Kumbe alikuwa na mlango," alisema.

Mosimbwa, karibu na bandari, palikuwa na fundi baiskeli aitwaye Selemane, aliyekuwa askari katika msafara ule ule. Mama alishawahi kwenda kumwuliza mara moja, vita vilipokwisha, naye akamjibu kwamba hakumbuki chochote. Sasa alisema tutakwenda tena. Tulipanda lori la korosho asubuhi, mama, Sinyori na mimi, gari likiwa mapajani mwangu ndani ya boksi lililojazwa pamba. Selemane tulimkuta anaziba tairi. Alipomwona mama aliinama zaidi juu ya kazi yake.

"Dada, nilishakwambia," alisema. "Sikumbuki."

"Sikuja kukuuliza," mama alisema. "Mwanangu katengeneza kitu. Nataka ukitazame kama kiko sawa."

Nililitoa. Alifuta mikono kwenye suruali, akalipokea kwa viganja viwili kama mtu anayepewa kifaranga. Aliligeuza taratibu. Halafu akaanza kunikosoa. Antena iwe upande huu, alisema. Taa ya kushoto haikuwepo, ilivunjika zamani. Hapa nyuma walifunga dumu la maji kwa kamba. Nami nilikuwa nayakubali makosa yote kwa kichwa, nikiyaweka akilini ili nikayarekebishe, mpaka kidole chake kilipofika kwenye mlango wa dereva kikasimama.

"Alitoka, dada," alisema.

Alieleza akilitazama gari, hakututazama sisi. Bomu la ardhini lilipasua gurudumu la mbele. Momade alifungua mlango wake akashuka, mzima, bila hata mkwaruzo, na msitu ulikuwa hatua kumi tu. Lakini waliokuwa nyuma miguu yao ilikuwa imevunjika, hawakuweza kupanda ule ukuta wa chuma, na moto ulikuwa umeanza kwenye injini. Akazunguka akafungua nyuma. Akamtoa mmoja, akamburuta hadi kwenye nyasi. Akarudi akamtoa wa pili. Aliporudi kwa wa tatu risasi zikampata. Walimzika alasiri ile ile pamoja na wengine wanne, kando ya barabara, penye mikorosho mitatu iliyopandwa kwa mstari.

"Kwa nini hukuniambia?" mama aliuliza. Sauti yake haikuwa ya hasira.

"Kwa sababu wa pili ni mimi," Selemane alisema. "Ningekuja kwako na uso gani?"

Mama alimshika mkono, ule mchafu wa grisi, akaukalisha juu ya magoti yake. Alimwuliza kama amekula.

Wiki mbili baadaye Selemane alituonyesha mahali penyewe. Barabara ilikuwa imeshasafishwa mabomu. Sinyori Anselmo alikuja na vyombo vyake vya kazi, akapima pale kama alivyopima viwanja vya wakubwa, akasimika nguzo ya saruji, akaandika namba zake kwenye ramani ili mahali pasipotee hata mikorosho ikifa. Hitima ilisomwa nyumbani Ijumaa iliyofuata. Sinyori, ambaye si Mwislamu, alikaa uani na kanzu ya kuazima iliyomfika magotini. Mwaka uliofuata alihamishiwa Tete. Aliniachia tupa, kibano, msasa na kioo cha kukuzia, na sikumwona tena.

Siku hizi naishi Kitunda, si mbali na Palma, kwenye nyumba za matofali tuliko wengi tuliopoteza tulikotoka, na nafundisha shule ya msingi. Bado natengeneza, na vijana huniandikia kwenye simu kuniuliza wanunue boksi gani lililo bora. Huwa sitaji kiwanda. Nawaambia watafute kwanza picha za vipande vyenyewe, maana picha ya juu ya boksi haisemi kitu. Watazame kama kingo ni safi, kama minyororo imetengenezwa kiungo kwa kiungo, kama maelekezo yanasomeka. Anayeanza achukue lenye vipande vichache vinavyokaa vizuri, asikimbilie lenye vipande elfu moja litakalomkatisha tamaa. Kisha nawaambia neno ambalo wengine hulicheka: chagua lenye ndani. Lipa kidogo zaidi upate viti na milango inayofunguka, kwa sababu hujui ni nani atakuja kuliuliza swali.

Nilipokuwa mtoto magari ya deraya yalikuwa kitu cha pichani na cha kwenye boksi, na ilinibidi ningoje msimu mzima ili nijue moja tu lilivyo. Vita vipya vilipotufikia yakaja yenyewe. Binti yangu Rehema, mwenye miaka kumi, anayatambua kwa mlio kabla hayajatokea kwenye kona, na hana hamu nayo kabisa. Hukaa mezani kwangu, ananisaidia kupiga msasa, lakini hajawahi kuomba kifaru. Mwezi uliopita aliomba basi, lile linalokwenda Mosimbwa. Nilitafuta kila mahali. Hakuna kiwanda kinacholitengeneza, wala sidhani kitakuwepo.

Kwa hiyo Jumamosi tulikwenda kituoni na utepe wa kupimia. Dereva alicheka, akatuachia nusu saa. Mimi nilipima ubavu na madirisha, nikaandika, huku nikigawa kila namba kwa thelathini na tano. Rehema hakupima chochote. Alitembea katikati ya basi akigusa kila kiti na kutaja jina: bibi, baba, mama, shangazi, Juma, mtoto wa Juma. Nikakumbuka kwamba siku ile tulipokimbia Palma gari lilijaa kabla yetu sote hatujapanda, na yeye alikuwa miongoni mwa waliobaki chini na bibi yake, siku mbili, kabla hatujaonana. Alipofika kiti cha nyuma kabisa alihesabu tena kutoka mwanzo, kwa uangalifu, kisha akageuka.

"Tunaenea sote," alisema. "Andika."

Nikaandika.