Tanuri la Mama na Mkate wa Ofisini

Idi ikikaribia, pua yangu bado inatafuta moshi wa tanuri la mama. Alilijenga kwa mawe ya volkano nyuma ya nyumba yetu, mtaani Murara, na kwa miaka mingi mtaa mzima ulioka mikate kwake. Siku moja kabla ya Idi majirani walileta trei zao za keki na mikate. Wakatoliki walileta za kwao Noeli ikifika. Ili zisichanganyike, kila nyumba ilibonyeza alama yake juu ya donge la unga: hawa meno ya uma, wale kizibo cha soda, sisi kifungo cha shati. Ulileta gogo lako la kuni, ukakaa, ukapiga soga mpaka mkate uive. Nazikumbuka siku zile kwa hamu, na sioni haya kusema.

Nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali mjini, na kila asubuhi nilibeba mkate wa mama kwenye mkoba. Kisha akaanza kuja mwenye kiwanda cha mkate, bwana wa matanuri ya umeme. Mtu mpole, aliyekumbuka hata majina ya watoto wetu. Hakuomba kitu. Alituletea tu mkate wa chai, mweupe, laini, umeshakatwa vipande. Baada ya wiki mbili niliacha kubeba wa mama. Nilimwambia mkoba umejaa makaratasi.

Mwezi wa tatu wa ziara zake nikaletewa amri niipige kwenye kompyuta: matanuri yote ya mkate yanayotumia kuni yafungwe, ili kuulinda msitu. Msitu ulindwe, hilo silibishi. Lakini amri haikugusa makaa ya mahoteli wala kuni za wachoma matofali; iligusa mkate peke yake. Nilijua imetoka kwa nani. Niliipiga, nikasahihisha hata makosa ya Kifaransa, nikaipeleka kutiwa sahihi. Nyumbani sikufungua mdomo.

Amri ilipobandikwa, mama na waokaji wenzake walivaa vitenge vyao vya heshima wakaja ofisini na kikapu cha mikate ya moto. Walikuwa wamechelewa. Yule bwana alikuwa na miezi mitatu ya kuja na kuondoka. Wao walikuwa na unga wa kukanda. Mkuu wetu aliwapokea vizuri.

"Mama, merci mingi," alimwambia mama, "lakini hapa tulishakula."

Akaonyesha meza yangu. Kipande cha mkate mweupe kilikuwa pale, nimekiuma nusu. Mama alikitazama, kisha akanitazama mimi.

Tanuri likafungwa. Mkate wa kiwandani ulipanda bei kabla hata ya Idi, na siku hizi kila nyumba hununua wake na kuula ndani. Kuna majirani ambao watoto wao siwajui kwa sura. Mkuu anasema msitu unashukuru; sijui, sijaenda kuuliza.

Mama hakunigombeza kamwe. Jioni ya siku ile ya kikapu alivua kitenge chake, akakikunja polepole, akaniuliza jambo moja tu, juu ya mkate wa ofisini.

"Ule mukate wa ku biro, ulikuwa mutamu?"

"Ndiyo, mama," nikasema. Ulikuwa mtamu kweli.