Sauti ya Kumwita Fahali

Vijana wa mjini Kakamega hunicheka kwamba bado nachoma CD. Mmoja aliwahi kuniuliza kama nauza na taa za chemni. Simjali. Wateja wangu nawajua: kwaya za makanisa, wenye magari ya zamani, na watu wa vijijini ambao redio yao kubwa ya sebuleni haijui kitu kingine. Redio hizo zina maringo. Ukizipa CD ya bei rahisi, ile ambayo ukiiinua kwenye mwanga unaona kidole chako upande wa pili, zinaizungusha kidogo kisha zinaitema. Kwa hiyo nanunua zile nzito, nachoma kwa kasi ya chini kabisa, na nachoma kama muziki wa kawaida, si kama mafaili ya kompyuta. Mwenye haraka aende kwingine.

Tena kila kazi naichoma mara mbili. CD ya kwanza ni ya kujaribu, sauti ikiwa vilevile ilivyoletwa. Ya pili ndiyo ya mteja, baada ya kuisafisha sauti kwenye kompyuta: natoa upepo, mikwaruzo na kelele zote za nyuma. Kusafisha ndiko kulikonipa sifa, na sifa hiyo niliipenda.

Siku moja akaja mama kutoka upande wa Iguhu, ameshika simu ya marehemu mumewe kwa mikono miwili. Mumewe alifuga fahali wa kupigana, wale ambao huku kwetu hushangiliwa kwa ngoma za isukuti. Siku ya mazishi fahali alizungushwa bomani kwa ngoma, kama heshima inavyotaka, akarudishwa zizini, na tangu hapo alikuwa hali chochote. Analamba maji, analala. Shemeji yake mama, ambaye sasa ndiye mkubwa wa boma, alikuwa amekwisha kuongea na mwenye bucha. Fahali akila, atabaki. Asipokula, Jumamosi anachukuliwa.

Mama hakutaka achukuliwe. Alisema mumewe alizungumza na huyo mnyama kuliko alivyozungumza na mtu yeyote, yeye mwenyewe akiwamo, na alisema hivyo bila wivu.

Ndani ya simu mlikuwa na sauti ya marehemu, aliyojirekodi jioni moja akimwita fahali aje kula. Mama alikuwa amemwekea fahali simu sikioni, lakini sauti ilitoka nyembamba mno, mnyama hata hakugeuka. Ndipo akaikumbuka redio kubwa ya sebuleni, ile ya CD.

Niliisafisha sauti ile kwa bidii kuliko kazi nyingine yoyote. Nilitoa kuku, nikatoa mlio wa geti, nikatoa kikohozi. Akabaki mwanamume peke yake, anaita kwa Kiluhya kwa sauti nzito, wazi kabisa. Niliposikiliza, nywele zilinisimama kidogo, nikadhani ni kwa sababu nimefanya kazi nzuri.

Nilimpelekea mwenyewe, maana nilitaka kuona redio ikiikubali. Nilifika jioni, saa ya kulisha. Spika zilikuwa zimetolewa nje, zikawekwa barazani zikielekea zizini. Nyasi mbichi zilikuwa tayari kihorini. Shemeji alisimama kando amekunja mikono. Nikaweka CD, redio ikaikubali, na sauti ya marehemu ikajaa uani.

Fahali hakuinua hata sikio.

Tulirudia. Shemeji akakohoa, akatazama saa. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda katikati ya ua, ameinamisha kichwa, anasikiliza. Kisha akaniuliza polepole, "Mwanangu, huyu ni yeye. Lakini ako wapi?"

Niliona aibu, na nyuma ya aibu nikaogopa, kwa sababu nilielewa swali. Mtu niliyemleta hakuwa amesimama popote. Hakukuwa na ardhi chini yake wala mabati juu yake. Ile CD ya kujaribu ilikuwa bado kwenye mkoba wangu. Nikaiweka.

Kwanza geti lililia. Halafu kuku. Halafu kile kikohozi, na viatu vya mpira kwenye matope, vikikaribia. Kuku wa kweli waliokuwa uani walitawanyika kutoka njiani, na hilo ningelisahau kama lisingefuatiwa na lingine. Sauti ikaita. Fahali akasimama.

Hakuzitazama spika. Alitazama getini, upande mwingine kabisa. Masikio yake yakaelekea hapo, kisha yakaanza kusogea taratibu, na kichwa kikafuata, kutoka getini, kando ya ua wa michongoma, mpaka karibu na mama. Mama alinyanyuka, akakivuta kigoda chake kando, kama unavyompisha mtu aliyebeba mzigo. Macho ya fahali yakapita hapo mama alipokuwa ameketi, yakafika kihorini. Kwenye spika maji yakamiminwa ndooni, na rekodi ikakatika.

Fahali akainamisha kichwa, akaanza kula.

Tulisikia nyasi zikitafunwa. Shemeji alikunjua mikono, akaingia ndani ya nyumba yake, akafunga mlango, na habari za bucha sijazisikia tena tangu siku ile.

Nilipokuwa nakusanya vitu vyangu, mama aliniuliza kama mwishoni mna mahali ambapo mumewe anaondoka. Nilimwambia hamna, marehemu aliizima simu alipomaliza kumimina maji. Nikamwambia pia kwamba akitaka naweza kumtengenezea nyingine, nimuongezee mwisho mzuri, geti lifungwe, ieleweke kuwa kazi imekwisha.

"Usiongeze kitu," akasema. "Humo anaingianga tu. Hatokangi."

Huku kwetu mgeni husindikizwa mpaka barabarani. Mama alinisindikiza hadi hatua chache kabla ya geti, akasimama, akaniomba msamaha kwamba hatafika mbali zaidi. Nilipotoka, aliniambia nilivute geti nyuma yangu, na nihakikishe limefungika.